Taa ya Kijani ya Kiti Namba Saba

Benchi lenyewe halikuwa kitu cha kumwonyesha mgeni: ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nyuma ya jengo la ghorofa nne, pale mashine za kupozea hewa zinapodondosha maji tone kwa tone mpaka ukuta umeota ukungu. Lakini saa kumi ikigonga linajaa, hupenyezi hata sindano. Kulia alikaa fundi saa na kisanduku chake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Walimwita Sekunde, maana ukimuuliza kazi itaisha lini anakujibu "sekunde tu," kisha unarudi baada ya wiki. Katikati alikaa kinyozi wa kibanda cha jirani, Wembe, mtu wa kujua habari za kila kichwa kilichopita mikononi mwake. Pembeni yake alikuwa King'ora, aliyeendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita mpaka macho yakamwangusha, na ambaye hadi leo akisimulia jambo sauti yake hupanda na kushuka kana kwamba yuko njiani kuwahi ajali. Mbele yao, juu ya kigoda, Mama Birika na kahawa yake. Si msemaji, ila akisema wanaume wanashusha vikombe. Jumatano hiyo walikuwa wanabishana kama mtu anaweza kujinyoa kisogo mwenyewe bila kioo, Mama Pacha alipotokea kwenye mlango wa nyuma wa jengo, mkoba begani, viatu mkononi.

— Shemeji, umeshuka ngazi au umeziruka? — Wembe akamuuliza.

Alikaa, akaviweka viatu chini, akavitazama kama si vyake. Mama Birika akamtilia kikombe bila kuombwa. Mama Pacha akakishika kwa mikono miwili.

— Kunywa kwanza, mwanangu, — Mama Birika akasema. — Halafu useme.

— Bi Taratibu yuko kazini, — Mama Pacha akasema.

Wembe akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. King'ora alishusha kikombe. Bi Taratibu walimjua wote. Jioni ngapi alikaa hapo hapo kwenye ubao, mkoba mapajani, akinywa kahawa yake polepole mpaka wakampa hilo jina. Alifariki Jumapili ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa amekaa kwenye kiti anakunja nguo. Daktari alisema ni moyo. Jumatatu saa tisa wakamzika, na King'ora mwenyewe alishika sepetu.

— Rudia, — King'ora akasema. — Rudia taratibu, maana mimi nilimfukia.

Ikabidi aanze mwanzo, maana hawa hawakuwahi kupanda ghorofa ya tatu.

Kule juu ni kampuni ya bima. Watu kumi na wanne wanakaa mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni, wanapokea madai na kuyachapa. Mama Pacha yuko kiti namba sita, madai ya magari: kutwa nzima anatukanwa na wanaume waliogongwa na wanaume waliogonga. Bi Taratibu alikuwa kiti namba saba, madai ya vifo. Yeye alizungumza na wajane, na wazazi waliozika watoto, na aliwauliza wote maswali yale yale kumi na mawili kwa sauti ile ile.

Miezi mitatu nyuma wakubwa walileta mikanda ya kuvaa mkononi. Ukiiona utadhani ni saa, ila haina uso. Chini yake kuna kijitaa kinachomulika ngozi na kuhesabu damu inavyopita. Fundi wa kompyuta aliwaeleza kwamba mkanda unapima vitu vitatu: mapigo ya moyo, jasho na joto la ngozi. Kompyuta inavichanganya, inajua msongo wako umefika wapi. Ukutani wakatundika skrini kubwa yenye namba za viti. Kijani, umetulia. Njano, angalia. Nyekundu, umezidiwa, na kompyuta inajifunga dakika tano upate kupumua.

— Si jambo baya hilo, — Wembe akasema.

— Mwezi wa kwanza hata sisi tulisema hivyo. Mwezi wa pili wakaanza kuwaita wenye nyekundu nyingi, mmoja mmoja. Wawili waliingia kwa meneja hawakurudi hata kuchukua vikombe vyao vya chai. Mimi nimekuwa mwekundu siku kumi na moja mfululizo. Barua ya onyo hii hapa mkobani, na mume wangu sijamwonyesha.

— Na Bi Taratibu?

— Kijani. Tangu waanze kuwaita watu, kutwa kijani. Anaongea na mama aliyefiwa na watoto wawili kwa siku moja, mimi pembeni machozi yananitoka, namtazama kwenye skrini: kijani. Meneja akabandika picha yake ukutani. Akatuambia tumwangalie yeye.

Hapo kulikuwa na jambo ambalo Mama Pacha hakutaka kulisema: kwamba alimwonea wivu mwenzake, wivu wa kumkosesha usingizi, na kwamba wiki ya mwisho hakumsalimia vizuri.

— Sasa leo, — akaendelea, — meneja ameniambia kesho nahamia kiti namba saba. Madai ya vifo yamerundikana. Namba yake walikuwa wameiondoa kwenye skrini siku ile ya mazishi. Fundi akairudisha ili aniandikishe mimi. Ilipowaka, ikawaka kijani. Mapigo sitini na nane. Kiti kitupu, jamani! Kimesukumwa chini ya meza na koti la mtu juu yake.

— Mitambo hiyo inakosea, — Wembe akasema.

— Ndivyo fundi alivyosema. Akafungua kumbukumbu za nyuma atafute kosa. Akatuonyesha. Siku zote kumi, asubuhi mpaka asubuhi, kijani. Jumapili aliyofariki, kijani. Jumatatu saa tisa, sisi tumesimama makaburini, kijani, sitini na nane.

Tone la maji liliangukia ubao. King'ora akasogea, ingawa halikumgusa.

— Niwaambie kitu, — King'ora akaanza, na sauti ikaanza kupanda. — Nimebeba watu mimi. Kuna bwana mmoja nilimchukua kiwandani, nesi amemfunga mashine kifuani, mashine inaimba ti, ti, ti. Tunafika hospitali, daktari anasema huyu ameshapoa tangu saa nzima. Na mashine bado inaimba! Moyo una mazoea. Moyo uliozoea kazi haukubali kuacha siku moja.

— Lakini huyo alikuwa amefungwa mashine, — Wembe akasema. — Bi Taratibu amefungwa nini? Mimi nasema ni nywele.

— Nywele zimetoka wapi? — King'ora akauliza.

— Sikiliza kwanza! Mtu akikaa kiti kimoja miaka sita, nywele zake ziko kwenye kitambaa, jasho lake liko kwenye kibodi, kucha zake ziko chini ya meza. Nusu ya mtu iko pale. Mmezika nusu. Mashine haijui nusu ipi ni mtu na nusu ipi ni uchafu.

— Acha hizo, Wembe. Kwa hiyo kibandani kwako kuna watu wangapi?

— Wengi! Kwa nini unadhani sipendi kufagia jioni?

— Mimi sasa naona mbali zaidi, — King'ora akasema, na mkono wake ukaanza kuzunguka kama anakata kona. — Hawa wakubwa mikanda hawakuileta kwa ajili ya nyekundu. Waliileta kwa ajili ya kijani. Walikuwa wanatafuta moyo mmoja mzuri, uliotulia, usiochoka. Wameupata. Wameuchukua kidogo kidogo, miezi mitatu, pigo baada ya pigo, wameuweka ndani ya kompyuta. Siku walipoumaliza kuuchukua ndiyo Jumapili ile.

Mama Birika alishusha birika.

— King'ora, huyo ni mtu tuliyemzika.

— Ndiyo maana nasema, mama. Tulizika nini?

Mama Pacha akajua akinyamaza sasa hivi hataweza kupanda ngazi zile kesho.

— Kuna kingine, — akasema. — Wenzangu walipokwenda kula nilibaki. Nikainama kwenye meza yake. Ana droo moja, imefungwa, ufunguo wake ulikuwa kwenye mkoba wake na mkoba walikwenda nao ndugu zake. Tangu hapo haijafunguliwa. Nikaweka sikio.

— Usiseme, — Wembe akasema.

— Kuna kitu kinagonga. Kidogo kidogo. Nikakihesabu kwa saa ya ukutani, dakika nzima. Sitini na nane.

Kikasikika kitu kikianguka. Sekunde alikuwa ameangusha kibano chake, na skrubu iliyokuwa kwenye kibano ikaviringika kwenye mchanga. Hakuinama kuitafuta. Mama Pacha ndipo akakumbuka kwamba tangu aketi, fundi hajatia neno hata moja, yeye ambaye huwa haachi hoja ipite bila kuirekebisha.

— Sekunde?

Akatoa kioo jichoni. Jicho lilibaki na duara jekundu.

— Ni mimi, — akasema. — Kile kinachogonga nimekitengeneza mimi.

Wembe alifungua mdomo, Mama Birika akamwonyesha kidole.

— Alinijia mwezi wa pili wa hiyo mikanda, — Sekunde akasema, akiangalia mikono yake. — Nyie mlikuwa mmeondoka. Akaniuliza, fundi, unaweza kunitengenezea kitu kinachopiga kama moyo wa mtu asiye na shida? Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha mkanda wake, akanivalisha hapa hapa, akaniambia angalia namba inavyotoka kwenye simu yake. Kisha akauvaa yeye. Mapigo mia moja na kumi na tisa, naye amekaa tu, anakunywa kahawa, anatabasamu. Mia moja na kumi na tisa!

— Bi Taratibu? — Mama Birika akauliza.

— Yeye huyo huyo. Akaniambia siku ya kwanza mkanda ulipoletwa ndipo alipojua kwamba moyo wake unakimbia. Alikuwa hajui. Alidhani kila mtu anaishi hivyo.

Akaeleza alivyofanya. Alichukua kopo la krimu, ndani akaweka mtambo wa saa kuukuu, akapunguza meno ya gurudumu moja mpaka likatoa mapigo sitini na nane kwa dakika. Juu yake akagundisha kijikaratasi chekundu kinachopita mbele ya kijitaa cha mkanda na kurudi, kama damu. Mahali pa jasho akaweka kipande cha ngozi laini kilichopakwa mafuta. Joto halikumsumbua, maana mkanda uliachwa kwenye waya wa chaji ndani ya droo, nao ukichajiwa unapata uvuguvugu.

— Na mkononi? — Mama Pacha akauliza. — Sisi tulikuwa tunauona mkononi mwake.

— Uliona saa mbovu niliyompa mimi, ndani ya mkono wa blauzi.

Mama Pacha akaziona zile blauzi za mikono mirefu, joto lote lile, na yeye alivyozidhani kuwa ni maringo. Akaona na picha pale ukutani. Kumbe waliyeambiwa wamwangalie alikuwa ameketi sentimita tisini kutoka kwake, moyo unamwenda mbio kuliko wa yeyote mle ndani, anawauliza wafiwa maswali kumi na mawili.

Akaanza kucheka. Hakukusudia. Wembe naye akacheka, halafu King'ora, cheko la watu waliokuwa wameshikwa koo wakaachiwa. Kwa hiyo ni saa! Ni kopo la krimu na saa kuukuu ndani ya droo! Katikati ya cheko hilo bwana mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu, msoma mita za umeme, hajawahi kuonekana pale, akaomba nafasi pembeni ya ubao. Wakasogea kumpisha. Mama Birika akamtilia kikombe, naye akakaa akipumzisha miguu, anasikiliza.

Sekunde tu ndiye hakucheka.

— Msinichekee, — akasema. — Kama si mimi, mkanda ungemwonyesha mwekundu. Wangemfungia kompyuta apumzike. Labda wangempeleka hospitali. Labda angekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe.

— Wangemfukuza, — Mama Pacha akasema. — Waliokuwa wekundu walipelekwa hospitali ipi? Walipelekwa mlangoni.

— Mtu aliyefukuzwa anakuwa hai.

— Na mtu ambaye hakupimwa? Alikuwa na moyo ule miaka yote, Sekunde. Hukumpa wewe.

— Nilijua namba yake, — fundi akasema. — Mia moja na kumi na tisa. Kila jioni namuuliza hali, anasema nzuri, na mimi naijua namba. Sikumwambia mtu. Hata nyie sikuwaambia.

King'ora alimwekea mkono begani.

Mama Pacha alikunywa kahawa yake yote. Akavaa viatu, kimoja kimoja. Mawazo yake yalikuwa yameshapanda ghorofa ya tatu, yako mbele ya ile droo. Pacha wanaingia darasa la kwanza. Barua iko mkobani.

— Nitengenezee na mimi, — akasema.

— Hapana, — Sekunde akajibu.

— Fundi.

— Nimesema hapana! Nikiona kopo la krimu dukani nageuza uso.

— Lakini mtengenezee, — Wembe akaingilia. — Ana watoto.

— Na marehemu hakuwa na watoto?

— Kwa nini umtengenezee? — King'ora akasema polepole, kama mtu anayefikiri kwa sauti. — Lipo lile. Kesho anakaa kiti hicho hicho. Droo itakuwa yake, haijafunguliwa tangu marehemu afariki. Ataomba ivunjwe kitasa, atatoa mkanda wa marehemu, atauweka wake mahali pake. Nani atajua?

Waliangaliana. Lilikuwa wazo jepesi mno, hakuna wa kulipinga. Sekunde mwenyewe aliinamisha kichwa, na Mama Pacha akakichukua kile kichwa kilichoinama kuwa ndiyo. Akahesabu moyoni: blauzi ya mikono mirefu anayo moja, nyingine ataazima kwa dada yake. Akaona jina lake kwenye skrini, kijani, wiki nzima, na meneja akimpita bila kusimama. Pumzi ikamshuka vizuri kwa mara ya kwanza tangu mchana.

— Basi nitafanya hivyo, — akasema. — Mungu amrehemu, ameniachia kitu.

— Ameen, — Mama Birika akasema, ila hakuonekana kufurahi.

Yule msoma mita alikohoa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

— Samahani wakubwa. Mimi napita tu, nimesikia nusu nusu. Hiyo saa ya ndani ya kopo, fundi, ni ya betri au ya kujaza?

Sekunde akainua uso. Swali la kazi lilimtoa kwenye huzuni, hata akakaa wima kidogo.

— Ya kujaza. Betri inapungua nguvu, mapigo yanayumba, wangemgundua. Hii unakizungusha kidude chake cha pembeni, mizunguko ishirini. Ukiijaza leo asubuhi inakwenda mpaka kesho mchana. Ikizidi sana ni mpaka kesho...

Hakumaliza. Mama Pacha alimwona anavyojisikiliza mwenyewe, neno kwa neno. Wembe alikuwa ameshaanza kuhesabu kwenye vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Mkono mmoja ukaisha akaingia wa pili. King'ora alimshika kiganja akamfumba vidole, asiendelee.

— Na droo imefungwa tangu alipofariki, — msoma mita akasema. — Ndivyo nilivyosikia?

— Ndivyo, — Mama Pacha akajibu. Sauti ilikuwa yake lakini ilitokea mbali.

— Sasa nani anaijaza?

Mama Birika alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe, na kahawa ikajaa, ikapita ukingo, ikamwagikia mchangani, naye hakuinyanyua. Ofisi zilikuwa zimeshafungwa, lakini juu kwenye ghorofa ya tatu dirisha moja lilikuwa na mwanga, lile la mwisho, ambalo Mama Pacha alilijua kwa sababu ndilo lililo nyuma ya kiti chake na kile cha jirani. Hakuna aliyesema ni taa ya mlinzi.

Msoma mita aliwatazama mmoja mmoja. Akadhani labda hawakumsikia, akasogea karibu kwenye ubao, akauliza tena.